Nani aligundua magadi? Burnham, skauti aliyesahaulika

Maharage makavu yaliyokaa ghalani mwaka mzima yana dawa yake, na kila mpishi anaijua: bonge dogo la magadi ndani ya sufuria, yanalainika kabla mkaa haujaisha. Mlenda usiotiwa magadi hauna uteute wa maana. Mzee wa ugoro akikosa magadi ya kusagia tumbaku yake, siku hiyo usimsogelee. Ni kitu cha jikoni na sokoni, kinapimwa kwa kopo au kwa bonge, na hakuna anayekumbuka kilianza lini.

Sasa soma habari za Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kama zilivyoandikwa na Wazungu. Mara nyingi utaambiwa kwamba hazina ya soda ya pale iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na msafara ulioongozwa na Mmarekani, Frederick Russell Burnham. Nilipokutana na sentensi hiyo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaudhika, kisha nikataka kumjua huyo Burnham. Nikakuta maisha yenye visa vingi mno kwa mtu mmoja, na ndani yake mkanganyiko unaorudi kila mahali alipokanyaga: kugundua ni kufanya nini hasa, na anayehesabiwa kuwa amegundua ni nani?

Kwanza tulinyooshe neno skauti. Kwetu skauti ni kijana mwenye skafu shingoni na fimbo mkononi, amesimama kwenye gwaride la sikukuu ya taifa. Hiyo ni maana ya pili. Ya kwanza ni ya kivita: mtu anayetangulia mbele ya jeshi, peke yake au na mwenzake mmoja, akapeleleza adui yuko wapi, ni wangapi, wana farasi au hawana, maji yako umbali gani, kisha arudi akiwa hai na habari hizo. Asiporudi, kazi yake ni bure hata angeona nini. Kwa hiyo skauti mzuri si lazima awe shujaa wa bunduki. Ni mtu wa kusoma ardhi: unyayo uliokanyagwa kabla ya umande na ule uliokanyagwa baadaye, kinyesi cha mnyama kilichokauka juu lakini kibichi ndani, ndege wanaoruka kichakani bila sababu inayoonekana.

Mtafuta madini naye anasoma ardhi hiyohiyo kwa jicho tofauti kidogo. Anaangalia rangi ya jiwe, mshipa wa kwatsi unaokatisha mwamba, mchanga mzito unaobaki chini ya karai baada ya kuoshwa. Ndiyo maana huko Marekani ya magharibi, katika nusu ya pili ya karne ya 19, kazi hizi mbili zilishikwa mara nyingi na watu walewale. Vita vikiwepo mtu ni skauti, vikiisha anachukua sururu. Burnham alizaliwa katikati ya dunia hiyo.

Alizaliwa tarehe 11 Mei 1861 katika kijiji cha Tivoli, jimbo la Minnesota, baba yake akiwa mchungaji aliyehubiri mpakani mwa nchi ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huko. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, vita vikalipuka. Wadakota walikuwa wamebanwa kwenye kipande kidogo cha ardhi, fedha walizoahidiwa kwa mikataba zilikuwa zimechelewa, na njaa ilikuwa imewashika. Simulizi ya familia inasema baba alikuwa amekwenda mji wa Mankato kutafuta risasi, mama akaona wapiganaji wanakuja, akajua hawezi kukimbia na mtoto mikononi. Akamficha mwanawe kwenye matita ya mahindi mabichi, akakimbilia vichakani. Aliporudi kesho yake nyumba ilikuwa majivu, na mtoto yuko palepale, mzima. Desemba ya mwaka huo Wadakota 38 walinyongwa kwa siku moja mjini Mankato. Hilo nalo ni sehemu ya simulizi, ingawa wanaosimulia habari za mtoto wa kwenye mahindi hawalifikii sana.

Mwaka 1870 familia ilihamia Los Angeles, uliokuwa mji mdogo wa vumbi. Baba akafariki miaka mitatu baadaye. Mama akarudi mashariki kwa ndugu, lakini Fred, mwenye miaka 12, akakataa kwenda. Akabaki peke yake, akapata kazi ya kupeleka barua za simu za kampuni ya Western Union akiwa juu ya farasi. Baadaye akaingia Arizona, kwenye vita vya Waapache, wenyeji wa asili wa huko, akajifunza kwa maskauti wazee waliokuwa wamebaki wachache. Akaingia pia, bila kujua mlango wa kutokea, katika ugomvi wa damu kati ya koo za wafugaji wa bonde la Tonto, akawa anawindwa na watu wenye bunduki kabla hajafika umri wa kuota ndevu. Alikuwa mfupi, hakunywa pombe, na sigara alizikwepa akihofia kuharibu pua yake. Kwa skauti, pua ni kifaa cha kazi: moshi wa moto uliozimwa jana una harufu yake.

Kwa miaka kadhaa alitafuta dhahabu na fedha, akapata za kula na kuoa. Alimwoa Blanche Blick mwaka 1884. Lakini mipaka ya magharibi ya Marekani ilikuwa inafungwa; reli imefika, uzio umepigwa, Waapache wamefungiwa kwenye hifadhi. Magazeti yalikuwa yanaandika habari za Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza, na kampuni yake kusini mwa Afrika. Mwaka 1893 Burnham alichukua mke na mtoto wao Roderick, wakashuka bandari ya Durban, wakasafiri kwa gari la kukokotwa na punda kuelekea kaskazini, zaidi ya kilomita 1,500.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kukorogeka.

British South Africa Company ya Rhodes haikuwa kampuni kama tunavyoijua leo. Ilikuwa na hati ya kifalme kutoka London, polisi wake, bendera yake na ruhusa ya kutawala. Mwishoni mwa 1893 ilipigana na Lobengula, mfalme wa Wandebele, na bunduki za Maxim, za kumimina risasi mfululizo, zikamaliza mapigano makubwa katika wiki chache. Lobengula akachoma mji wake wa Bulawayo na kukimbilia kaskazini. Kikosi kilichomfuata kilifika Mto Shangani tarehe 3 Desemba. Meja Allan Wilson akavuka na watu wachache, Burnham akiwemo. Alfajiri ya tarehe 4 wakajikuta wamezingirwa. Wilson akawatuma watu watatu kurudi ng'ambo kuomba msaada: Burnham, Mmarekani mwenzake Ingram, na Gooding kutoka Australia. Walivuka mto uliokuwa umefurika kwa mvua, wakakuta kikosi kikuu nacho kinapigana. Msaada haukwenda. Watu 34 waliobaki na Wilson waliuawa wote.

Kwa walowezi, kisa hiki kikawa hadithi takatifu, na Burnham akawa mmoja wa waliotoka ndani yake hai. Miongo kadhaa baadaye yalizuka madai kwamba wale watatu hawakutumwa, walitoroka. Ushahidi wa madai hayo ni wa kusikia kwa mtu aliyesikia, na uchunguzi uliofanywa mwezi uleule wa Desemba haukuwaona na hatia. Mimi naona hapa Burnham asisingiziwe asilolifanya. Mtu anayetoroka hakimbilii kwenye mapigano mengine. Swali lenye uzito zaidi ni lile ambalo hadithi takatifu huliruka: hao 34 walikuwa wanamfuata mfalme katika nchi yake mwenyewe ili iweje? Jibu lilikuja haraka. Baada ya vita kampuni iligawa mashamba, ng'ombe na vibali vya madini kwa waliopigana, na Burnham na Ingram wakapata fungu lao.

Sasa tazama alivyofanya kazi yake ya pili. Mwaka 1894 Burnham alichimba kwenye magofu ya mawe ya Danan'ombe, ambayo walowezi waliyaita Dhlo Dhlo. Huo ulikuwa mji mkuu wa watawala wa Rozvi, jamaa wa ustaarabu uleule wa mawe uliojenga Zimbabwe Kuu. Alitoa zaidi ya aunsi 600 za dhahabu: shanga, nyaya, vipande vya mapambo. Kwa lugha ya kampuni, hiyo ilikuwa dhahabu iliyopatikana. Kwa lugha ya kawaida, alikuwa amefukua nyumba na makaburi ya watu. Habari hiyo iliamsha tamaa, na mwaka 1895 ikaundwa kampuni maalumu iliyopewa kibali cha kuchimba magofu ya kale kutafuta dhahabu. Vitu vingi viliyeyushwa. Wanaakiolojia wa leo wakitaka kujua mafundi wa Rozvi walifua vipi dhahabu yao, wanaanza na pengo lililoachwa na wachimbaji wale.

Mwaka huohuo wa 1895 aliongoza msafara kuvuka Zambezi kwenda kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Huko, kando ya Mto Kafue, akatambua miamba inayofanana na ile ya shaba aliyowahi kuifanyia kazi Marekani. Akaona pia wenyeji wamevaa bangili za shaba. Anatajwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoka Magharibi kuthibitisha kwamba kaskazini ya Zambezi kuna shaba nyingi. Tusimnyime haki yake: jicho lilikuwa kali. Ila bangili hizo hazikuota mikononi. Katika ukanda wote ule, kuanzia Kafue hadi Katanga, watu walikuwa wakiyeyusha shaba kwa karne nyingi kabla yake. Misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwa fedha ya biashara, na misafara ya Waswahili na ya Wanyamwezi wa Msiri, mtawala wa Katanga, ilikuwa inaibeba. Burnham alifanya kile alichokifanya vizuri kuliko wengi: alisoma nyayo. Safari hii nyayo zenyewe zilikuwa viwanda vya watu.

Mwaka 1896 Wandebele waliasi, na baadaye kidogo Washona nao. Bulawayo ikazingirwa. Binti wa Burnham, Nada, aliyezaliwa humo, akafa kwa homa na uhaba wa chakula akiwa na miaka miwili. Mwezi uliofuata ndipo kilipotokea kisa chenye utata kuliko vyote maishani mwake, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu kimezungushwa mno.

Magazeti ya Uingereza na Marekani yalitangaza kwamba Burnham na afisa mmoja kijana, Bonar Armstrong, walipenya hadi pango katika milima ya Matobo na kumpiga risasi "Mlimo", mchawi mkuu aliyekuwa nyuma ya uasi, wakachoma vibanda na kukimbia na farasi huku wakifukuzwa. Kwa kifo chake, wakasema, vita vikaisha.

Fundo la kwanza: Mlimo si mtu. Ni Mungu. Washona na Wakalanga humwita Mwari au Mwali, Wandebele uMlimo, na katika milima ya Matobo kuna mahali patakatifu kadhaa, Njelele pakiwa maarufu zaidi, ambapo sauti yake husikika kutoka pangoni na makuhani huipokea kwa niaba ya watu. Watu wamekwenda huko kuomba mvua vizazi kwa vizazi, na bado wanakwenda. Kwa hiyo hata kama Burnham aliua kuhani, alichokiua hakikuwa Mlimo, kama vile kumuua askofu si kuua imani ya Kikristo.

Fundo la pili: alimuua nani? Pango lile lilikuwa upande wa Mangwe, kusini magharibi, eneo ambalo watu wake kwa sehemu kubwa hawakuasi. Njia ya kwenda Bechuanaland, nchi iitwayo Botswana leo, ilipita huko, na waasi hawakuifunga. Wanahistoria waliochunguza jambo hili baadaye wamesema kama kulikuwa na kuhani pale, yaelekea alikuwa anashauri amani. Wengine wamesema aliyeuawa alikuwa mzee tu asiye na cheo chochote. Mashaka yalianza mapema, tena kwa walowezi wenyewe.

Fundo la tatu ni rahisi kulifungua, kinachohitajika ni kalenda. Risasi ya pangoni ilipigwa mwezi Juni. Mwezi Agosti jeshi la Uingereza bado lilikuwa linapigana vibaya kwenye ngome za Matobo. Kilichomaliza vita vya Wandebele ni mazungumzo. Kuanzia Agosti Rhodes alikwenda milimani akakutana na machifu, wakakaa vikao kadhaa hadi wakaafikiana, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimechoka na njaa ilikuwa inaingia. Washona waliendelea kupigana hadi 1897. Risasi ya Burnham haikumaliza chochote, lakini hadithi ya risasi iliuzika kuliko hadithi ya kikao.

Kuna jambo moja la mwaka ule ambalo halina ubishi, nalo ndilo linalotufikia sisi. Mwezi Juni alifika Bulawayo ofisa wa jeshi aliyeitwa Robert Baden-Powell. Yeye na Burnham walikwenda pamoja kupeleleza milimani, na njiani Mmarekani akawa anamfundisha Mwingereza yale aliyoyapata Arizona: kuwasha moto usioonekana, kutembea bila kuacha alama, kutabiri kutoka kwa unyayo. Mwaka 1908 Baden-Powell alipowaandikia vijana wa Uingereza mwongozo uliozaa chama cha skauti, mengi ya masomo hayo yalikuwemo. Kwa hiyo kijana wa Mwanza au Kakamega anayejifunza leo kufuata alama za njia kwa mawe na vijiti, anapokea kitu kilichotoka kwa Waapache, kikapita kwa Burnham, kikapita Matobo, kikarudi Afrika kimevaa sare. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, akafa Januari 1941, na kaburi lake liko huko; maskauti wa dunia nzima huenda kulizuru. Aliyemfundisha hatajwi.

Baada ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, alikwenda Klondike, kaskazini mwa Kanada, kufuata dhahabu ya barafuni. Januari 1900 akiwa Skagway, Alaska, simu ya maandishi ikamfikia: Lord Roberts, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika vita dhidi ya Makaburu, anamtaka awe mkuu wa maskauti. Aliondoka baada ya saa chache. Vita hivyo vilimpa sifa ya kweli, maana hapa mashahidi ni wengi. Alitekwa Sanna's Post akijaribu kuwaonya wenzake kwamba wanaingia kwenye mtego, akatoroka. Mwezi Juni alitumwa kulipua reli ya kutoka Pretoria kwenda pwani, farasi wake akauawa na kumwangukia, akaumia tumboni vibaya, lakini akaburura mwili wake hadi kwenye reli na kuilipua. Akapewa cheo cha meja bila kulazimishwa kuacha uraia wake wa Marekani, na nishani kutoka kwa mfalme.

Na sasa tufike nyumbani.

Mwaka 1902 kampuni ya London iliyoitwa East Africa Syndicate ilimtuma Burnham kuongoza msafara wa kutafuta madini katika himaya ya Waingereza ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli ya Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, deni lake lilikuwa kubwa, na serikali ilikuwa na hamu ya mtu yeyote atakayeonyesha kitu cha kusafirisha. Dhahabu hawakuipata ya maana. Walichokipata ni Magadi.

Ziwa lenyewe liko chini kabisa ya Bonde la Ufa, kilomita zaidi ya 100 kusini magharibi mwa Nairobi, karibu na mpaka wa Tanzania. Joto lake huwezi kulisahau. Maji yake hayana pa kutokea. Chemchemi za moto pembezoni huleta maji yaliyoyeyusha soda kutoka kwenye miamba ya volkano, jua huyakausha, na kinachobaki ni ukoko mgumu wa magadi, mweupe mahali, wa waridi mahali, kwa unene wa mita nyingi. Wanakemia huliita jiwe hilo trona, mchanganyiko wa sodiamu kabonati na baikabonati. Ukiichoma unapata soda ya kiwandani, na kazi yake kubwa ni kioo: mchanga mtupu unahitaji joto kali mno kuyeyuka, ukichanganya na soda joto hilo linashuka sana. Kinachofanya maharage yako yalainike ndicho kinachosaidia kutengeneza chupa ya soda unayoshushia.

Nani hakuwa akilijua ziwa hilo? Wamaasai walikuwa wakichota magadi yake kwa ajili ya mifugo na tumbaku, na majirani wao wa kilimo waliyanunua. Magadi yalitembea kwa mgongo wa punda mbali sana na ziwa. Ndiyo maana jina lenyewe limetawanyika, hata ndani ya kreta ya Ngorongoro kuna ziwa Magadi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilipita kwenye bonde lile miaka mingi. Mjerumani Gustav Fischer alipopanda kutoka Pangani mwaka 1883 na kupita Ziwa Natron, jirani wa Magadi, alikuwa anafuata njia ya misafara hiyo. Watu kama Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyewaongoza hata Wazungu waliokuja baadaye, walizijua nchi zile kama mtu anavyoujua uchochoro wa nyumbani kwake.

Basi Burnham aligundua nini? Nadhani hapa ndipo fundo linapofunguka. Alichokileta London hakikuwa habari ya kuwepo kwa magadi. Alileta vipimo, sampuli, makadirio ya wingi, na jina la kampuni juu ya karatasi. Sheria ya madini ya kikoloni haikuuliza nani anakijua kitu. Iliuliza nani amekisajili. Leseni ya utafutaji inafanya kazi hivyo hadi leo, na wachimbaji wadogo wa Geita au Merelani wanaweza kukueleza hili kwa uchungu kuliko mimi: mwenyeji anaweza kuuona mshipa kwanza, lakini mgunduzi ni yule aliyefika ofisini na ramani.

Na karatasi zikazaa karatasi. Syndicate ileile iliomba na kupewa eneo la maili za mraba 500 katika Bonde la Ufa, malisho ya Wamaasai. Kamishna wa himaya wakati huo, Sir Charles Eliot, aliambiwa na London awanyime Waafrika Kusini wawili ardhi jirani na hiyo huku Syndicate ikiachiwa fungu lake. Akajiuzulu mwaka 1904 kwa hasira. Si kwamba alikuwa anawatetea Wamaasai. Alitaka walowezi wake nao wapate. Agosti mwaka huo Wamaasai walitia saini mkataba wa kuhama bondeni na kugawanywa katika hifadhi mbili, Laikipia na kusini, kwa ahadi kwamba ingedumu. Mwaka 1911 wa Laikipia wakahamishwa tena. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mkataba wao ni kama mkataba kati ya mataifa mawili, hivyo mahakama haina mamlaka nao. Taifa wakati wa kushtaki, raia wakati wa kuhamishwa.

Mwaka 1911 pia ndio ulioundwa Magadi Soda Company. Reli ya karibu kilomita 150 ikajengwa kutoka Konza kushuka bondeni kupitia Kajiado, na soda ikaanza kwenda Mombasa kupanda meli. Kampuni imebadilisha wenye mali mara kadhaa. Tangu katikati ya miaka ya 2000 iko chini ya Tata ya India. Burnham mwenyewe hakutajirika na Magadi. Mtafuta madini wa kuajiriwa hupata mshahara na hadithi, faida ni ya wenye hisa. Aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1904, na ndani ya miaka hiyo alikuwa amempoteza mtoto mwingine, Bruce, aliyezama kwenye Mto Thames.

Yaliyofuata nitayapitia mbio, ingawa kimoja hakipitiki hivihivi. Mwaka 1910 Burnham alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuunga mkono mswada wa mbunge Robert Broussard wa Louisiana: kuingiza viboko kutoka Afrika, wafugwe kwenye mabwawa ya Louisiana, wale magugu maji yaliyoziba mito, kisha wageuzwe nyama, maana nyama ilikuwa imepanda bei. Aliyekuwa shahidi mwenzake ni Fritz Duquesne, Kaburu aliyedai kwamba wakati wa vita alitumwa kumuua Burnham huyohuyo, na ambaye mwaka 1941 alikamatwa New York akiongoza mtandao wa majasusi wa Ujerumani. Mswada haukupita. Magugu yale ni yaleyale yaliyokuja kuziba ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990, na wavuvi wa Kisumu na Mwanza wangeweza kuwaambia wabunge wale kwamba sisi viboko tunao, na magugu hayakupungua.

Mwaka mmoja kabla ya viboko, Oktoba 1909, alikuwa El Paso akisimamia usalama marais Taft wa Marekani na Díaz wa Mexico walipokutana. Yeye na askari mmoja wa Texas walimdaka mtu aliyekuwa amesimama njiani na bastola ndogo imefichwa kiganjani.

Utajiri ulikuja akiwa na miaka 62, na haukuwa wa dhahabu. Mwaka 1923 kampuni yake ilipata mafuta kwenye kilima cha Dominguez, kusini kidogo mwa Los Angeles, karibu na barabara alizokuwa akizipita na farasi akipeleka barua za simu akiwa mtoto. Alikuwa amezunguka Afrika, Alaska na Mexico kwa miaka 40 akitafuta kilichokuwa chini ya kwato za farasi wake wa kwanza. Uzeeni aligeukia hifadhi: akaketi kwenye tume ya hifadhi za California, na akawasaidia maskauti wa Arizona kupigania kondoo wa porini wasiishe.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1947 akiwa na miaka 86. Katika milima ya San Gabriel, juu ya Los Angeles, kuna kilele cha Baden-Powell, na pembeni yake, kifupi kidogo, kilele cha Burnham. Njia ya miguu inayowaunganisha wawili hao ni maarufu kwa wapanda milima. Wengi hupanda kileleni kwa Baden-Powell wapige picha. Kwa Burnham njia haifiki juu, inapita ubavuni.